Viatu Vilivyobaki kwenye Gunia

Kwenye arobaini ya Mzee Athumani nilijikuta nahesabu viatu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wanawake karibu na mlango wa uani, sahani ya pilau mapajani, na macho yangu hayakutoka barazani ambako wageni walikuwa wamevua. Kulikuwa na viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi asubuhi ileile, malapa, raba za vijana zenye soli nene kama mkate, viatu vya kinamama vilivyolaliana ubavu. Nilihesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Anayeniona atadhani ni tabia ya uzee. Kwangu ilikuwa kazi niliyopewa zamani, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, katika nyumba hiyohiyo ya Levolosi, Arusha, na aliyenipa kazi ile ndiye tuliyekuwa tukimsomea dua.

Nilikaa pale mwaka mmoja tu. Nilikuwa nimeshuka kutoka mlimani kuja kujifunza kupiga chapa na hati mkato, na Mzee Athumani na mkewe, Bi Mwanahawa, wakanipangisha chumba cha mwisho. Nikikifikiria sasa, kile chumba kinanijia kama kitu nilichokiona kupitia maji. Kitanda cha futi tatu, ndoano ya gauni, dirisha la mbao lililofunguka kuelekea uani. Asubuhi nilipolifungua, Meru ilikuwa imekaa juu ya mabati ya jirani, karibu mno, na ilipofika saa nne ukungu ulikuwa umeshauchukua mlima wote kana kwamba haukuwahi kuwepo. Chini ya dirisha Mzee Athumani alikuwa ameshaanza kazi. Alikuwa fundi wa majiko ya mkaa. Alikata bati la mapipa makuukuu, akalikunja, akalijaza udongo ndani, na sauti ya nyundo yake ndiyo iliyoniamsha mwaka mzima. Hadi leo, harufu ya udongo mbichi ukikauka kwenye bati inanirudisha kitandani pale, na kwa muda mfupi sijui nina umri gani.

Mtu huyu aliyetengeneza majiko ndiye aliyekuwa mkuu wa kikosi cha kujitolea cha kuzima moto cha mtaa wetu. Hakuna aliyemchagua. Gari la zimamoto la mji halikuweza kuingia kwenye vichochoro vyetu, kwa hiyo yeye alianza, na watu wakamfuata. Nilimuuliza mara tatu kwa nini alianza, maana hata wakati ule nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Mara ya kwanza aliniambia ni kwa sababu majirani walimwona anashika makaa kwa mkono. Mara ya pili alisema mtu anayeuza moto ni lazima auze na maji. Mara ya tatu aliniuliza kama nimeshakula. Watu walimwita Afande, ingawa hakuwahi kuvaa sare yoyote, na yeye aliitika.

Kikosi kilikuwa na watu wanane, madebe ya mchanga yaliyopakwa rangi nyekundu, rimu la lori lililoning'inia kwenye mjakaranda wa pale kona, na pea nane za buti za mpira alizopewa na shamba la kahawa lililokuwa linafungwa. Utaratibu wote ulizunguka buti hizo. Rimu likipigwa, kila anayetaka kuingia ndani ya nyumba inayoungua anavua viatu vyake, anaviweka kwenye gunia lililotandikwa mbali na moshi, anavaa buti. Akitoka, anarudi kwenye gunia, anataja jina, anasema "nimetoka", anarudisha buti na kuchukua vyake. Viatu vikibaki kwenye gunia, kuna mtu ndani. Wakati huo hakuna aliyekuwa na viatu vya kuacha ovyo, kwa hiyo utaratibu haukuwahi kukosea.

Mwenye gunia niligeuka kuwa mimi. Siku moja alinikuta kizingitini na daftari, naandika maneno ya wapita njia.

"Binti, unaandika nini?"

"Najifunza hati mkato, mzee. Naandika wanavyosema."

"Unaweza kuandika watu wakiwa wanakimbia?"

"Naweza."

"Basi mwite Mwanahawa akupe gunia."

Tangu hapo hakuna aliyeniita kwa jina langu. Nilikuwa Karani. Moto wangu wa kwanza ulikuwa wa jiko la mafuta ya taa, mchana, kwenye chumba cha uani nyuma ya msikiti. Ulizimwa kwa madebe matatu. Wa mwisho kutoka alikuwa Lembris, kijana wa Kiarusha kutoka Ngaramtoni aliyesukuma mkokoteni sokoni, mrefu, mwenye miguu ambayo mtaa mzima uliifanyia utani. Alitoka na kuku kwapani.

"Jina?" nikamuuliza.

"Karani, jana tu nimekula mtori wako."

"Jina?"

"Lembris. Na huyu kuku hajaniambia la kwake."

"Sema umetoka."

"Nimetoka," akasema, na akainama kuchukua katambuga zake, zile ndala za matairi ambazo kwa miguu ile zilikuwa zimekatwa kwa tairi la trekta. Mzee Athumani alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakucheka. Baadaye aliniambia nilifanya vizuri kuuliza mara ya pili. "Hata ningekuwa mimi," alisema. "Hata kama unaniona kwa macho. Mpaka mtu aseme mwenyewe."

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu ambavyo tulikuwa tumevipangia foleni vilianza kuonekana vimemwagwa chini kando ya njia: sabuni za rangi, ndoo za plastiki, betri, magodoro ya sponji, na mitumba, mitumba isiyokwisha, marobota yaliyofunguliwa asubuhi na watu wakiyazunguka kimya kama walioingia nyumba ya ibada. Ijumaa, baada ya swala, Mzee Athumani alipita nyumba kwa nyumba, na mimi nyuma yake na daftari. Watu walimfungulia hadi vyumba vya kulala. Alitazama nyaya, alitazama mahali jiko lilipokaa, aliuliza bibi mgonjwa analala upande gani, bomba la karibu liko wapi. Yote niliandika. Nakumbuka amesimama kwenye chumba cha mpangaji mmoja, kimejaa magodoro ya kuuza mpaka darini, akashika lile sponji kwa vidole viwili kama fundi nguo. "Vitu vimekuja vingi, Karani," alisema tulipotoka. "Na vyote vinawaka."

Jioni wanakikosi walipenda kuja kula uani. Bi Mwanahawa alipika makande ya Kipare yenye nazi kidogo, wakati mwingine Lembris alileta maziwa ya mgando kutoka kwao, na mimi ndizi kutoka mlimani. Tulikaa kwenye vigoda kuzunguka jiko ambalo siku zote lilikuwa la majaribio, maana mzee hakuuza jiko kabla halijapikia kwake. Jioni moja Lembris, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kuomba kijiko, alichelewa kukiomba, ndipo Bi Mwanahawa akajua kuna jambo. Alikuwa anaoa. Ndoa ingefungwa Jumamosi ya pili yake, kanisani, kwao na binti.

"Sasa mbona uso kama wa aliyefiwa?" akamuuliza.

"Yeyo," Lembris alimwita hivyo, mama, kwa lugha ya kwao, "mkwe wangu amesema nisiingie kanisani na matairi ya gari."

Watu walicheka, naye akacheka, lakini aliificha miguu chini ya kigoda. Mzee Athumani aliinuka, akaingia ndani, akarudi na viatu vyake vyeusi vya Idi, vimefungwa kwenye gazeti. Ndivyo pekee alivyokuwa navyo. Akapiga goti mbele ya Lembris, mzee yule, na kujaribu kumvika. Mguu uliingia nusu ukagoma. Akajaribu na sabuni. Akajaribu na kijiko cha Bi Mwanahawa.

"Rudisha kijiko changu," alisema Bi Mwanahawa. "Mguu huo unataka jembe."

"Tutatafuta," alisema Mzee Athumani, akivirudisha viatu kwenye gazeti polepole. "Bado siku kumi." Nami nilimwona Lembris akivitazama vile viatu vikifungwa, kwa namna ambayo niliiandika usiku ule kwenye daftari langu la mazoezi, kwa hati mkato, bila kujua kwa nini.

Stoo ya Mama Anold, mfanyabiashara wa mtaani kwetu, iliwaka siku saba baadaye, saa tatu asubuhi, anga ikiwa safi. Lilikuwa jengo refu la mbao lenye marobota ya mitumba pande zote, na njia moja katikati. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, wenye harufu ya plastiki, tofauti na moshi wowote tuliowahi kuufahamu. Nilitandika gunia chini ya mjakaranda. Wanawake walikuwa wameshapanga mstari kutoka bombani, ndoo zinapita mkono kwa mkono. Vijana wa stoo walikuwa wametoka. Kazi iliyobaki ilikuwa kubomoa ukuta wa mbao wa ndani uliotenganisha stoo na nyumba ya jirani, moto usivuke. Watu wanne wakavua viatu. Nikaandika majina manne. Lembris alikuwa wa nne.

Ukuta ulishuka, tuliusikia. Kisha bati la juu likaanza kulia, na Mzee Athumani akapiga rimu kuwatoa. Akatoka wa kwanza, akataja jina, akachukua viatu. Akatoka wa pili. Akatoka wa tatu, anakohoa, akaniambia Lembris alikuwa nyuma yake. Tukangoja. Mstari wa ndoo ulikuwa umesimama, kila mtu na ndoo mkononi, na kwa muda ule nakumbuka maua ya mjakaranda yakidondoka kwenye gunia, moja, jingine, juu ya zile katambuga kubwa.

"Katambuga za Lembris bado," nilisema.

Mzee Athumani hakunitazama. Alilitazama gunia. Kisha akachovya shuka kwenye ndoo ya mtu wa karibu, akajifunika, akaingia.

Sijui alikaa ndani kiasi gani. Nimeandika habari za moto nyingi baadaye, na kila mara nilijaribu kupima muda kwa saa, lakini ule haupimiki. Alipotoka alikuwa anatembea, wima, polepole, shuka linafuka mvuke. Mikononi alikuwa amebeba pea ya buti za mpira. Nilisimama mbele yake nikamuuliza, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha, "Jina?" Akafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Akajaribu tena, kisha akatikisa kichwa, akaziweka zile buti kwenye gunia kando ya katambuga, sambamba kabisa, kama vile alivyozikuta. Nilizitazama nikaelewa. Mtu anayeanguka kwenye moshi haziachi buti zimepangwa.

Stoo iliungua yote. Nyumba ya jirani ilipona. Mtaani walijua tu kwamba Afande aliingia kumtafuta Lembris, na kwamba Lembris alikuwa ametokea upande wa nyuma. Daktari alisema moshi ule umeunguza koo na kifua, kwamba atapata nafuu, lakini sauti asiitegemee. Jioni ya kesho yake nilikuwa chumbani kwangu Lembris alipokuja. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Nilisikia nusu moja tu ya mazungumzo, kwa sababu nusu ya pili haikuwa na sauti tena.

"Vilikuwa juu ya robota, mzee. Vyeusi. Nilijaribu mguu mmoja tu."

Kimya.

"Vilinienea. Vilinienea kabisa."

Kitanda cha mzee kikalia.

"Nilipita nyuma ili Karani asivione. Nikasema navificha, narudi kuchukua katambuga zangu. Sikufikiria gunia. Nilifikiria harusi."

Kisha nikamsikia mtu mzima analia kwa namna ya kujizuia, na juu yake, hafifu, sauti kama ya karatasi inayokunjwa. Ilikuwa Mzee Athumani anazungumza. Sikupata hata neno.

Asubuhi aliniita. Alikuwa kitandani ameegemea ukuta, na daftari la kikosi miguuni pake. Nilikuwa nimeiacha tupu nafasi ya mwisho ya siku ile, pale ambapo kwa kawaida niliandika waliotoka. Aliiwekea kidole.

"Sijui niandike nini, mzee," nilisema. Hasira ilikuwa imenijaa mpaka mikononi. "Kwa sababu ya viatu. Watu wana haki ya kujua."

Ilinibidi niinamie mdomo wake. "Wakijua," alinong'ona, "Ijumaa nani atatufungulia chumba?"

Nilijua hilo. Kikosi kizima kilisimama juu ya jambo hilo moja: kwamba watu wale wanane wanaingia nyumbani mwako ukiwa umekimbia, na unakuta kila kitu mahali pake. Jina la mwizi mmoja lingefunga milango yote.

"Na yeye?" niliuliza. "Asilipe?"

Alifumba macho. "Daftari linauliza swali moja, Karani. Nani yuko ndani?"

"Hakuna."

"Basi."

Nikaandika: Wametoka wote. Ulikuwa ukweli, na hakuna sentensi ambayo nimewahi kuandika iliyonikereketa kama hiyo. Lembris alivirudisha vile viatu kwa Mama Anold mwenyewe. Nilisikia kwamba mama yule alivishika, akatazama yale majivu, akauliza, "Vimebaki hivi?" na hakuuliza zaidi. Jumamosi Lembris alioa akiwa na katambuga, ameziosha kwa mchanga mpaka zikang'aa, na Mzee Athumani alikaa benchi la mbele kanisani na kofia yake ya kufuma, hawezi kuimba wala kushangilia. Hayo nilisimuliwa. Mimi sikwenda. Nilibaki uani na jiko la majaribio, nikitazama ukungu ukishuka, na nikajiambia kwamba mtu mmoja katika mtaa ule lazima akumbuke kilichotokea.

Mwaka ulipokwisha nilipata kazi ya gazeti Dar es Salaam. Niliripoti mengi, na popote palipoungua swali langu la kwanza lilikuwa nani yuko ndani, hata wahariri walinitania nalo. Niliporudi Arusha na kujenga Kimandolu, nilikuwa nawatembelea wale wazee. Mzee Athumani aliishi miaka mingi na ile sauti ya karatasi. Ijumaa aliendelea kupita nyumba kwa nyumba, Lembris kando yake akisema kwa sauti kile mzee alichonong'ona, kisha mzee aliposhindwa kutembea, Lembris peke yake. Nilipomkuta pale nilimsalimu, nikaulizia watoto, nikageukia mengine. Nilikuwa nimeitunza siri yake kwa miaka yote hiyo, na niliitunza jinsi mtu anavyotunza kisu.

Siku ya arobaini, pilau ilipokwisha, msichana mmoja alikuja kuchukua sahani yangu. Alikuwa na fulana nyekundu ya kikosi. "Shikamoo bibi," alisema. "Eti wewe ndiye Karani?"

"Marahaba. Zamani sana."

"Mimi ndiye karani sasa." Akachuchumaa karibu yangu. "Ni wewe uliyekuwa kwenye gunia siku ya viatu?"

Nikamuuliza siku gani ya viatu.

"Ile ya Mzee Lembris. Alipoiba viatu kwenye moto, Afande akaingia kumtafuta, sauti ikaenda." Alisema kawaida tu, kama anayetaja njia ya kwenda sokoni. "Anatusimulia kila mtu anapojiunga. Kabla hujavaa buti lazima usikie. Hadi wenye nyumba siku hizi anawaambia."

"Wenye nyumba? Na wanawafungulia?"

"Wanatufungulia."

Nikamwomba anieleze tena, tangu mwanzo, na alinieleza yote. Alijua viatu vilikuwa vyeusi. Alijua kuhusu kijiko cha Bi Mwanahawa. Kitu kimoja tu hakukijua, na hicho nilikuwa nacho mimi: maua yaliyodondokea kwenye gunia. Niliingia chumbani kumuaga Bi Mwanahawa, aliyekuwa kwenye eda, mdogo sana kwenye kitanda kilekile. Alinishika mkono muda mrefu. "Naambiwa umekaa mlangoni unahesabu," alisema.

"Nahesabu, mama."

"Haya. Nenda ukamalize."

Nilipotoka wageni walikuwa wameondoka karibu wote. Mlima ulikuwa umejitoa mawinguni, kama unavyofanya baadhi ya jioni, wote kwa mara moja. Barazani ilibaki jozi moja, katambuga kubwa zilizokatwa kwa tairi la trekta. Si zilezile, bila shaka, lakini mguu ulikuwa uleule. Niliziokota, nikasimama nazo. Lembris akatokea sebuleni, mzee wa mvi, amebeba mikeka iliyokunjwa, akaniona, akavikuta viatu vyake mikononi mwangu. Aliishusha mikeka chini. Alivuka baraza peku, akaja akasimama mbele yangu, mikono ubavuni, kama walivyosimama wote mbele ya gunia.

"Jina?" nikamuuliza.

"Lembris."

Nikangoja.

"Nimetoka," akasema, nikampa viatu vyake.